Damu Iliyozama Upesi

Wodi ya wanaume, Mwanza

Mama Masanja,

Mwangaluka. Natumaini umeamka salama na ng'ombe wamepata maji. Mimi bado nahema. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilikishika kuliko wote pale Didia, unajua.

Zile salamu nilizompa utingo wa basi kwamba nimepona, zifute. Kama umeshachinja mbuzi, kuleni tu.

Utumbo wangu mkubwa una vidonda. Ndiyo maana nilikuwa naharisha damu kule machimboni Geita, siyo kurogwa kama anavyodai kaka yako. Hapa hospitali wakanipa vidonge vikali. Halafu daktari, mwanamke wa umri wa Kulwa wetu, akasema damu ndiyo itakayoonyesha kama dawa inanikubali. Wanaisimamisha kwenye mrija, wanatazama wekundu unavyozama. Mtu wa maabara akaniambia, "Mzee, yako inazama upesi kuliko ya wote humu."

Nikafurahi. Mimi mwosha dhahabu. Kwenye karai kinachozama upesi ndiyo mali, takataka huenda na maji. Nikatangaza wodi nzima, nikamtuma utingo, nikafunga mzigo.

Daktari akanikuta nimevaa viatu. "Babu, nani kakuambia umepona?"

"Damu yangu nzito."

"Inazama upesi kwa sababu utumbo unawaka. Dawa ingekuwa imekukubali, damu ingezama polepole."

"Mbona nasikia nafuu?"

"Nafuu hiyo ya mdomoni. Tukingoja, utumbo utapasuka."

Wagonjwa wenzangu wakacheka. Wa kitanda cha jirani mpaka leo ananiita Tajiri.

Wanataka kuukata utumbo wote mkubwa, choo kiwe kinatokea tumboni, kwenye mfuko. Mimi huyu, niliyeshuka mashimo ambayo vijana waliyakimbia. Na hao niliowafundisha kushika sururu, hakuna hata mmoja aliyekuja kunitazama. Masanja naye kimya, kama hakuzaliwa na mtu.

Nilikataa. Jana damu ikatoka tena, nyingi, nikatia sahihi. Sahihi, siyo dole gumba. Watanipasua Jumatatu.

Msalimie mama yako, na jirani anayetuchungia ng'ombe. Kaka yako mwambie sijafa. Wazee wenzangu wakiuliza, waambie ni ngiri.

Barua nampa utingo yule yule. Njoo kabla ya Jumatatu. Sikuiti kwa woga. Hapa kila mtu ana wa kumpikia uji. Lakini ukiona huwezi kulala nyumba moja na mtu wa mfuko, usije. Nisipokuona nitakuwa nimejibiwa.

Mumeo,
Baba Masanja