Kunyamazisha Pikapu ya Shemeji

Jumanne, 4 Juni 1957

Viazi gunia sita, kabichi, mayai kwenye maranda. Molo mpaka sokoni Nakuru, kama kawaida. Mvua. Tabitha alianza kulia Elburgon, akanyamaza gari iliposimama. Si njaa, nilimnyonyesha. Si nepi. Ni hii pikapu. Kukaa ndani yake ni kama kukaa ndani ya debe la misumari na mtu analitikisa.

Tulipopita Njoro Baba Tabitha alisema kitu. Nikasema, "Ee?" Akasema tena. "Ee?" Akavuta pumzi.

"MWISHO WA MWEZI NAWAPELEKA NYUMBANI! KWA MAMA! MKAE HUKO!"

Jambo kama hilo. Nimeambiwa kama ng'ombe anayefukuzwa kwenye mahindi ya watu. Nikamfunika mtoto vizuri. Ningemjibu kwa sauti gani?

Najua limetoka wapi. Pikapu ni ya shemeji, kaka yake mkubwa. Chumba tunacholala pia ni chake. Shemeji anasema dereva anayeliliwa na mtoto sikioni ataiangusha gari. Mwisho wa mwezi gari inakwenda Maragoli, kwao, kuleta ndizi. Basi sisi twende, ndizi zije. Mama mkwe anataka mtu wa kumsaidia kulima. Sina ubaya naye. Lakini mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na shamba.

Nimekasirika.

Jumatano, 5 Juni

Hapa nyumbani siwezi kumjibu. Chumba kimoja, pazia katikati, shemeji upande ule anakohoa. Juzi nilimnong'oneza Baba Tabitha, "Umekula?" Pazia likajibu, "Amekula."

Kwa hivyo ni ndani ya gari. Na ndani ya gari ni kupiga kelele. Kuna maneno hayapigiwi kelele. Mtu akipaza sauti "nataka kukaa na wewe" juu ya injini, inakuwa matusi.

Nitainyamazisha hii gari. Kwa vitu vya bure. Nimwambie polepole, na mtoto alale, na shemeji akose la kusema.

Ijumaa, 7 Juni

Nilipata magunia matupu kwenye banda la pareto. Mazito, mazuri. Nikayajaza nyuma ya kiti na pale chini miguuni. Nilijiona nina akili.

Pareto! Maua ya kuua kunguni! Vumbi lake lilipanda kabla hatujafika reli. Mimi chafya, Baba Tabitha chafya, Tabitha macho mekundu, kamasi mpaka kidevuni. Askari wa kizuizi cha barabarani alitia kichwa ndani aone vipande vyetu vya utambulisho, akapiga chafya, akatufukuza bila kuviangalia. Tukasimama mtoni nimuoshe mtoto.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Asante, shemeji. Kunguni wa gari wamekwisha. Sasa fanya na wa kitanda changu."

Mjinga ni mimi. Nimeishi Molo mwaka mzima, kila nyumba ina pareto.

Jumanne, 11 Juni

Manyoya ya kondoo. Mama jirani alinipa mfuko mzima, ya kukatwa juzi. Nikayashona kwenye magunia ya viazi, safari hii yaliyooshwa. Kelele ilipungua kidogo. Kidogo kweli. Nikafurahi mpaka Njoro.

Njoro jua likatoka. Manyoya yakapata joto. Harufu ya beberu aliyenyeshewa. Nzi waliingia kwa dirisha tukaenda nao mpaka Nakuru. Pale sokoni mwenzangu wa vitunguu aliuliza, "Mama Tabitha, leo umeleta viazi ama umeleta zizi?" Wote wakacheka. Nikacheka pia. Sikupenda.

Baba Tabitha hakusema kitu njia yote. Ama alisema. Mimi sikusikia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefua manyoya kwa sabuni ya mche. Hayakauki. Molo hakuna kitu kinachokauka. Tumeenda na kelele yetu.

Jumanne, 18 Juni

Leo nusura tufe, na ni mimi.

Jamaa wa barabara pale stesheni walinipa kopo la lami. Nikaiyeyusha motoni, nikaipaka kwenye bati la chini, nikalaza gunia juu. Lami inaua mtetemo, ndivyo walivyosema. Ni kweli. Mpaka Elburgon gari ilitulia hata nikaanza kupanga maneno yangu. Halafu injini ikapata moto, lami ikapata moto, ikapanda kupitia gunia.

Kwenye mteremko ng'ombe wakavuka. Baba Tabitha akanyanyua mguu kwenda kwa breki. Kiatu kikabaki chini. Alivuta, akavuta, akachomoa mguu, akakanyaga breki na soksi. Tulisimama ng'ombe wa mwisho akitutazama kwa kioo.

Alizima injini. Kwa mara ya kwanza ndani ya ile gari kukawa kimya kabisa.

"Unataka tufe? Unataka Tabitha afe?"

Hicho ndicho nilichokisikia vizuri. Wiki mbili natafuta kimya nisikie hilo.

Aling'oa kila kitu, lami na gunia na kiatu, akatupa mtaroni. Alirudi Molo na kiatu kimoja. Sikulia mbele yake.

Jumatano, 19 Juni

Shemeji amesikia habari. "Shemeji, ukitaka kimya panda treni. Ile ya kwenda Kisumu, ikusogeze kwa mama." Akaniambia nianze kufunga vitu.

Nimefunga sufuria moja. Nikaifungua. Nilitaka kupika.

Ijumaa, 21 Juni

Bati tupu, kelele yote imerudi. Tabitha analia. Nikaweka mkono kifuani pake, ninavyofanya kila siku, nisikie kilio kinatoka wapi, kifua ama tumbo. Ndipo nikafikiri. Nikatoa mkono kwake nikauweka kwenye mlango. Unatetemeka kama mwenye homa. Nikaweka kwenye bati la mbele. Kidogo. Nikautoa dirishani, ukingo wa boneti, sana. Nikateremsha mkono chini ya kiti.

Jeki. Jeki na spana na minyororo ya kufunga tairi wakati wa matope, ndani ya sanduku la bati, halina hata kitambaa. Linaruka chini ya makalio yetu kila shimo, Molo mpaka Nakuru. Nusu ya kelele! Mimi nimeosha kondoo mzima, nimechoma sufuria kwa lami, na kumbe ni jeki.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu.

Jumamosi, 22 Juni

Asubuhi nilifunga jeki kwa blanketi kuukuu. Nikatafuta tyubu ya tairi iliyopasuka, nikaanza kuikata vipande virefu kwa kisu cha viazi. Haikatiki. Baba Tabitha alisimama mlangoni akaniangalia. Nikangoja maneno. Akaenda, akarudi na kisu cha kuchinjia. Akakata yeye. Nikabandika. Mpira mlango mzima kuzunguka, mpira chini ya boneti, mpira kwenye mkia wa gari unaogonga. Manyoya yamekauka sasa, yananuka sabuni. Yamekaa nyuma ya kiti na ukutani mwa injini. Chini ya miguu hakuna kitu. Nimejifunza.

Maneno yangu nimeyaweka ya safari. Shemeji alikuwa karibu.

Jumanne, 25 Juni

Nataka kuandika vizuri leo.

Injini inasikika, lakini ni kama iko nyumba ya pili. Tabitha aliangalia huku na huku, akaweka kichwa hapa kifuani pangu, akalala kabla ya Elburgon. Nikawa nasafisha koo nianze. Maneno nilikuwa nayo tayari.

Nikasikia wimbo.

Ni yeye. Anaangalia barabara, midomo haifunguki sana, anaimba ule wa kwao wa kubembeleza mtoto. Anaujua wote. Akaingiza jina la Tabitha ndani yake. Halafu jina langu, la usichana, ambalo hakuna mtu Molo analiita. Mimi nikasogeza sikio karibu.

Aliniona. Akanyamaza.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Mimi huimba kila siku. Nilijua husikii."

Tangu mtoto azaliwe. Kila safari. Na mimi nilikuwa nikimtazama midomo inacheza nikifikiri ananung'unika juu yetu.

Nikamwambia polepole, vile nilitaka. Kwamba sitaki kwenda. Kwamba nitalima kwa mama kila msimu wa mvua akitaka, lakini nilale alipo mume wangu. Hakusema "Ee?" Alisikia mara ya kwanza.

Njoro ikapita. Kisha akasema, "Mama nitampelekea sukari. Mtabaki."

"Na shemeji?"

"Kaka nitampakia garini, asikie mwenyewe."

Jumatano, 26 Juni

Alimpakia. Stesheni na kurudi, shemeji mbele, Tabitha mapajani mwake. Walirudi mtoto amelala na mate yake yote kwenye koti la shemeji. Shemeji aligonga mlango kwa kidole. "Hii ni gari yangu? Kesho mtataka na redio." Akaenda zake. Hakurudia habari ya kufunga vitu.

Jumapili, 30 Juni

Ibada. Baridi. Nguo za mtoto bado mbichi.

Pikapu ilikwenda Maragoli Ijumaa bila sisi. Leo nilikuwa nikimngoja. Zamani ningeyasikia yale mabati toka stesheni, naweka chai motoni, anafika inachemka. Leo nimekaa nikitega sikio, sisikii kitu, nikasema bado. Nikainua macho. Amesimama mlangoni na mkungu wa ndizi.

Hata maji sikuwa nimeteka.