Herufi za Baba Kwenye Kompyuta ya Duka

Dukani, mlango unaofuata baada ya kinyozi,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Habari za huko? Natumai kifua kimepona na umenunua koti la maana, maana nakujua kwa ubishi. Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna shida, anatutawala kama kawaida. Shemeji yako anakusalimu sana. Kanenepa, ila usimwambie kwamba nimesema.

Duka linakwenda. Msimu wa mitihani tunachapa mpaka printa inanuka moto. Kinyozi naye bado anafungulia redio kana kwamba sote tumemwomba.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu ningejiumauma, wewe ungecheka, nami ningebadilisha mazungumzo. Kwa hiyo kaa chini usome. Ile sura uliyoitengenezea kompyuta ya duka kabla hujaondoka, nimeiondoa.

Najua ulivyohangaika nayo. Uliyapiga picha mabango yote aliyoyachora marehemu baba hapa mtaani, ukazikata herufi zake moja moja, ukazifanya alama za kubofya: B yake yenye tumbo kwa barua, P yenye mkia kwa printa. Madirisha yakifungwa yanajikunja kama shuka, menyu zinaelea, kila kitu kina kivuli chake. Wateja walikuwa wanasahau walichofuata. Nilijivuna nayo, mdogo wangu, tena sana.

Lakini mashine ni ya zamani na memori yake ni ndogo, unaijua. Kila tulipoiwekea toleo jipya la Linux, ile programu inayoiendesha, ilizidi kuhema. Nikaivumilia kwa sababu ni kazi yako, na kwa sababu ni mkono wa baba. Mpaka alipokuja muuguzi wa zahanati, yule mrefu aliyekuwa akimdunga mama sindano. Alikuwa anaomba kazi hospitali kubwa na maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile ile. Tukajaza kila kitu, tukaambatanisha vyeti, nikabofya kutuma, dirisha likaanza kujikunja kwa madaha yake, kompyuta ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha. Iliporudi, maombi yalikuwa yamefungwa. Hakunigombeza. Alikusanya vyeti vyake, akanishukuru, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Sikumaliza wiki. Nikamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma, yule tunayemwita Nyaya. Akasema hakuna haja ya mashine mpya, niweke tu Linux nyepesi: mstari mmoja chini, menyu moja, rangi ya kijivu, basi. Nikamwambia afute yote aanze upya, vitu nitavihifadhi mwenyewe. Nikanakili kwenye flashi kila folda niliyoiona. Barua za wateja, matangazo ya misiba, hata maombi ya kazi ya watu waliokwisha kustaafu. Herufi za baba ulikuwa umeziweka kwenye zile folda zilizofichwa, zinazoanza na nukta, ambazo huzioni mpaka uombe kuonyeshwa. Ulinifundisha siku ulipoziweka, nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, huku nahesabu kopi za mteja. Nyaya alipouliza kama nimemaliza, nikamjibu nimemaliza. Akafuta, nazo zikaenda.

Mashine sasa inakimbia. Hilo siwezi kulificha, ukibofya inafunguka kabla hujaondoa kidole, na sijamkwamisha mtu tena. Hata leo ningechagua ile nyepesi. Hapo ndipo dhamiri inaponisuta, kwa sababu siwezi hata kukudanganya kwamba najutia kuchagua. Najuta kwamba sikutazama nilichokuwa nakifuta.

Kilichonimaliza ni mama. Unajua anavyopita dukani akitoka sokoni, anakaa kwenye benchi kupumzisha magoti. Miaka yote hii mimi nilidhani ni magoti. Siku moja baada ya Nyaya kumaliza akaingia, akaketi, akatazama kioo cha kompyuta, akauliza, "Maandishi ya baba yenu yako wapi?" Nikamweleza habari za memori, na muuguzi, na folda. Nilieleza kwa kirefu kama mwizi aliyekamatwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema yule binti wa zahanati hakustahili kukosa kazi, akachukua kikapu chake. Tangu hapo anapita upande wa pili wa barabara. Anasema upande ule una kivuli.

Na mabango yenyewe yamekwisha. La kinyozi limepakwa rangi juu, la duka la dawa wameling'oa wakaweka la plastiki.

Jana ulipompigia mama, alikuwa ameketi nami jikoni, simu iko mezani, sauti tunaisikia wote. Ukamwuliza kama bado anaziona herufi za mzee. Mama akatazama sufuria, akakujibu, "Naziona kila siku, mwanangu." Mlipoagana akaniambia nisithubutu kukuandikia, uko mbali, utaumia bure. Mama yetu, aliyetufinya masikio kwa uongo wa sukari tu, amekudanganya kwa ajili yangu.

Ndiyo maana nimeandika, amri yake nimeivunja. Kama uliondoka na nakala ya zile picha, hata ya bango moja, nitumie. Nyaya anasema picha moja ya kupamba kioo haiwezi kuilemea ile Linux nyepesi. Kama huna, usinipigie mimi. Mpigie mama, umwambie kwamba unajua, ili aache kunidanganyia. Nitakuwa nimekaa pembeni yake, nitasikia.

Msalimie mkeo, na mjomba aliyewapokea huko. Shangazi fundi cherehani anasubiri vipimo vyako vya shati, anasema usipunguze kiuno. Mungu akulinde, akupe kazi yenye heri na usingizi mwema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko nijuavyo kukutunzia vitu vyako.