Nimefuta, Wakaanza Kulia

Shoga, usinicheke kwanza.

Nimejipiga picha nimevaa gauni aliloshona mama mkwe, nikaandika kwamba nafanana na dirisha la kliniki. Nilidhani nakutumia wewe. Nimeituma kwenye kundi la wakwe. Kundi la wakwe, shoga!

Nikafuta kwa wote, picha na maneno, kabla hawajafungua. Nikashusha pumzi. Kumbe vimebaki vimistari viwili vya "ujumbe huu umefutwa", na jina langu juu!

Na wale nao, babu yao alipofariki mtu alitangaza kundini, akafuta ili wakaambiwe ana kwa ana. Tangu hapo wakiona ujumbe umefutwa, wanajua ni msiba.

Mama mkwe huyo, kapiga. "Mwanangu yuko wapi? Nani amekufa? Sema, nimeshakaa chini." Nyuma yake wifi analia kabisa! Na huyo marehemu, mume wangu, yuko bafuni kwangu anaimba.

Ningefanyaje? Nikasema, "Hajafa mtu, mama. Nilisema gauni lako linanifanya nifanane na dirisha la kliniki."

Wifi kilio kikakatika papo hapo.

"Si ni kitambaa cha pazia," akasema mama mkwe. "Nilitaka nione kama una mdomo wa kuniambia. Miezi miwili unalivaa, unatabasamu tu!"

Miezi miwili, shoga. Nimelivaa hadi kazini.

Sasa yuko njiani. Kipande kilichobaki amenishonea kilemba. Nivae, au nihame?