Slaidi Imemrudisha Mama Kwao Ngenge

Mshauri mpendwa, waitu nisaidie kabla ukoo haujanitenga. Mimi ni Rwekaza wa Ijuganyondo, hapa Bukoba, na marehemu baba yangu, Ta Aroni, alikuwa dereva wa daktari mmoja mgeni wa misheni aliyependa kupiga picha kwa kamera ya macho mawili, sasa mwaka huu watoto wa huyo daktari wametutumia slaidi zake, kila fremu ina vipicha viwili, ukivitazama kwa kifaa chake watu wanajitokeza kama umekaa nao chumba kimoja, nami nikaenda Miembeni kutafuta kifaa nikakuta viwili tu, kimoja cha plastiki, chepesi, hakina taa wala cha kuzungusha, kingine cha chuma, kizito kama pasi ya mkaa, kina taa na magurudumu ya kurekebisha lenzi, nikachukua cha plastiki kwa sababu kilikuwa na rangi nzuri.

Nikamkalisha mama, Ma Kokwijuka, mlangoni penye mwanga, akatazama, akalia kidogo kwa furaha maana hajamwona baba miaka kumi na moja, halafu akasema, "Kumbe." Mshauri, ni siku babu mzaa mama alipotembelea nyumba ya baba mara ya kwanza baada ya harusi, na baba anamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, anampa kwa mkono wa kushoto, mkwe wake, mbele ya wazee, nimeona mwenyewe, mpaka kibao cha misheni kinaonekana nyuma yao, kimeandikwa kwa lugha ya huyo daktari ambayo sikuweza kusoma hata neno moja.

Mama anasema siku ile alikuwa jikoni na matoke ndiyo maana hakujua. Amefunga mizigo, akapita kaburi la baba pale kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, bila kulisalimia, akaenda Ngenge kwa kaka yake, mjomba Rugaibula, na ametuma ujumbe kwamba akifa azikwe hukohuko, asilazwe kando ya mtu aliyemdharau baba yake. Baba alikuwa mpole, mshauri, inaniuma sana. Nikachukue kile cha chuma, au slaidi zinasema kweli na nizichome moto?

Rwekaza, Ijuganyondo

MSHAURI ANAJIBU

Rwekaza, weka kiberiti chini.

Mama yako nampa pole. Wewe sina pole nyingi ya kukupa. Lugha iliyokushinda kusoma ni Kiswahili, kimegeuka. Uliingiza slaidi mgongo mbele, kila cha kulia kikahamia kushoto: maandishi, kahawa na mkono wa marehemu. Watu walijitokeza vizuri vilevile, ndiyo maana hukushtuka. Umemsingizia mzee wa watu kosa ambalo mkwe hasamehewi, naye hayupo wa kujitetea.

Hicho cha plastiki hakina hatia, ila hakimfai mama. Ulichagua kwa rangi kana kwamba unanunua kanga. Macho ya umri wake yanataka taa ya ndani, na lenzi zinazosogea mpaka zilingane nayo. Rudi Miembeni ukachukue cha chuma. Uzito usikutishe, kitakaa juu ya meza. Lakini usitoke dukani kabla hujaingiza slaidi yako mwenyewe uone kama haikwaruzwi, na taa iwake dakika kumi uone kama haichemshi filamu. Kisha geuza slaidi mpaka kibao kisomeke, na hapo ndipo utie alama ya kalamu kwenye fremu, upande wa kutazama.

Ukimaliza, nenda Ngenge wewe mwenyewe, usipige simu. Beba kahawa. Mpe mjomba kwanza, kwa mkono wa kulia, akuone vizuri, na ukiri kwamba kosa ni lako na si la baba yako. Halafu muwekee mama kifaa mezani, mwache azungushe magurudumu mwenyewe, na ninyi wote mtoke nje. Mwanamke anayemsusia mume aliyekufa miaka kumi na moja iliyopita bado ni mke wake. Akikawia huko ndani, msimgongee mlango.