Mtakatifu Aliyekufa Vizuri

Alhamisi, juma la nne la Kwaresima.

Vumbi tupu leo. Mvua inatuchezea: mawingu yanakuja kutoka upande wa Moiben, yanatuangalia, yanaenda zao. Plau za Mkaburu mwenye shamba zimelima tangu asubuhi na kila kitu chumbani mwangu kimekuwa rangi ya udongo, hata daftari hili.

Siku tatu Jerono hakuja darasani, na kosa ni langu.

Niliandike vizuri ili siku moja nikilisoma nisijitetee. Mimi ni katekista wa watoto wa maskwota hapa shambani. Ninao ishirini na mmoja. Wazazi wao wakishamaliza kukamua ng'ombe wa bwana mkubwa nagonga kipande cha chuma cha plau nilichoning'iniza mlangoni, nao wanakuja, wengine bado wananuka maziwa. Nauliza, wanajibu. Nani aliyekuumba? Mungu ndiye aliyeniumba. Tunaimba hivyo hivyo mpaka jua linapanda. Jumapili hii Padre anakuja na pikipiki yake kuwauliza mmoja mmoja. Anayejibu atabatizwa Pasaka. Asiyekuwepo atangoja mwaka mzima, na Padre hana mchezo katika jambo hilo.

Jerono ana miaka kama kumi. Anajua katekisimu yote kwa kichwa, na ubaya wake ni kwamba anaifikiria pia.

Jumatatu nilikuwa nawagawia majina ya ubatizo. Yeye nilimpa Agnes. Akanyoosha mkono akauliza: yule bibi aliyemwingia alipopiga chafya, maji yakimwagwa ataenda wapi?

Nilijua anachouliza. Hapa kwa Wanandi mtoto akizaliwa kina mama wanamwekea ugoro kidogo puani, halafu wanataja majina ya wazee wa ukoo waliokufa, moja baada ya lingine. Jina litakalotajwa mtoto akipiga chafya, basi huyo mzee ndiye aliyerudi, na ndiye atakayemlinda. Jerono alipiga chafya kwa jina la Tapkigen, mama wa nyanya yake.

Swali zuri kabisa. Nami nilijibu nini? Nilisema huo ni ushenzi, tuendelee na amri ya nne.

Watoto walicheka. Kesho yake, nasikia, walimngoja njiani, na kila alipopita walipiga chafya za uongo. Hapo ndipo aliporudi nyumbani.

Kinachonikera ni kwamba hata mimi kwetu Bungoma nililia siku mbili nikiwa mchanga hivyo, nikakataa ziwa la mama, mpaka walipotaja jina la babu nikanyamaza. Mama alikuwa akinisimulia hadithi hiyo kila Krismasi. Sasa ule mdomo wa kusema ushenzi niliutoa wapi? Nimejiuliza hivyo siku tatu nzima na jibu lenyewe linanitia aibu: nilisema hivyo kwa sababu sikujua jibu.

Leo baada ya darasa nikaenda kwao.

Nyanya yake, ambaye kila mtu hapa anamwita Gogo, yaani nyanya kwa Kinandi, alikuwa nje anasugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo Jerono ndiye aliyetutafsiria, macho chini, bila kuniangalia. Nilianza kwa kumwomba mtoto msamaha. Gogo aliposikia mwalimu anamwomba mtoto msamaha aliacha kusugua. Akanipa kigoda.

Nilidhani tutabishana habari ya Mungu. Wapi! Kwa Mungu hakuwa na neno. Alichotaka kujua ni huyo Agnes. Ni wa ukoo gani? Alizaa watoto wangapi? Alikufaje?

Nami mjinga nikamwambia kwa fahari kwamba Agnes alikuwa msichana mdogo, aliuawa kwa upanga kwa sababu ya imani yake.

Jerono hakutafsiri mara moja. Aliponitazama nilijua nimeharibu.

Gogo alisema maneno machache tu, polepole, na mtoto akanipa hivi: "Anasema hatuiti jina la mtu aliyekufa vibaya. Anauliza kama unanitakia kifo."

Jamani. Nilikaa pale kwenye kigoda nikaanza kuwapitia watakatifu wote kichwani, mmoja mmoja. Lucia, aling'olewa macho. Laurenti, alichomwa. Sebastiani, mishale. Petro, kichwa chini miguu juu. Miaka minane nafundisha majina haya na sikuwahi kuona kwamba karibu wote walikufa vifo ambavyo hakuna mama hapa angevitaja mbele ya mtoto mchanga. Kwetu sisi hiyo ni taji. Kwa Gogo ni mlango uliofunguliwa kwa balaa. Na sidhani yeye ni mjinga kuliko mimi. Alikuwa anauliza kile ambacho mzazi yeyote angeuliza: unamkabidhi mtoto wangu kwa nani?

Mwishowe nikamkumbuka Anna. Nikamweleza kwamba ni mama yake Maria, kwa hiyo Anna ni gogo wa Yesu mwenyewe.

Alipenda hiyo. Hata alicheka, meno yake mawili yakaonekana. Kisha akarudia swali lake: alikufaje?

Sijui Anna alikufaje. Hakuna aliyenifundisha. Lakini nilimwona Jerono amesimama na vidole vyake vimeshika pindo la gauni, na Jumapili iko mlangoni, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema alikufa mzee sana, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka, na mvua ilinyesha siku hiyo.

Hiyo mvua niliitoa wapi, Mungu anisamehe.

Gogo akaingia ndani akatoka na ugoro. Alisema Tapkigen hafukuzwi, lakini anaweza kuulizwa kama atakubali kukaa nyumba moja na mgeni. Akamketisha mtoto mbele yake, akamgusa pua, akaanza kuongea na mama yake aliyekufa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Nikasikia Tapkigen, nikasikia Anna. Hakuna chafya. Akataja tena.

Katekista mzima, rozari mfukoni, nilikuwa nimekaa pale namwomba Mungu, kwa moyo wangu wote, mtoto apige chafya.

Akapiga.

Gogo akafurahi, akanimiminia maziwa, akasema Jumapili atamleta mwenyewe kwa Padre, mtoto akiwa amefungwa leso safi. Nilikunywa mpaka nikashindwa.

Jerono akanisindikiza hadi kwenye ua wa miti ya miwati. Hapo akasema kwamba ile chafya aliipiga mwenyewe, haikuja. Alifanya hivyo ili Gogo asiumie na yeye abatizwe. Akaniuliza kama ni dhambi.

Nikamwambia ndiyo, ni uongo, ingawa ni mdogo.

Akafikiri kidogo. "Basi Pasaka maji yataiosha. Si ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu? Ubatizo unaondoa dhambi zote za nyuma."

Ndivyo nilivyowafundisha, neno kwa neno. Akanipa mkono kwa heshima, akarudi mbio kwao, na mimi nikabaki nimeshika mti nacheka peke yangu kama mlevi, mpaka kicheko kikaisha.

Maana mimi nilibatizwa zamani. Kile kitanda cha Anna, wale wajukuu, ile mvua, hakuna maji yatakayoviosha. Itabidi Jumapili nipige magoti kwa Padre kabla hajaanza kuwauliza watoto, niungame yote kwa mdomo wangu.

Na akiniuliza kama najuta, nitamjibu nini?