Upande wa Baba

Wewe, uko? Nimeumbuka leo, sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kutembelea lile jengo la zamani la baraza la jiji, maana nimechoka kukodolea kuta macho kila Jumapili. Nikajiunga na kundi lenye mwongozaji. Kumbe ni ukoo mmoja mzima, mwongozaji wamemkodi wenyewe!

Kwenye ngazi bibi mmoja akanishika mkono. "Mwanangu, nisaidie, magoti yamegoma." Hakuniachia hadi ukumbi wa madiwani. Nami sikuutoa mkono.

Wakati wa picha, mama mmoja akaniuliza mbele ya wote: "Samahani, wewe ni wa upande gani?"

Nikajibu, "Upande wa baba."

Upande wa baba! Mimi huyu!

Bibi akasema, "Basi asimame hapa na mimi." Tukapigwa picha.

Yule mama akachukua namba yangu anitumie picha. Sasa kaniingiza kwenye grupu la ukoo, na bibi anauliza kama nimefika salama.

Tangu nihamishiwe huku kikazi, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Najua utaniambia nijitoe. Niambie, lakini si leo.