Unyoya Kisiginoni

Jumatatu, 8 Oktoba 1956

Jambo hili sijamwambia mtu, hata dada yangu mdogo Celine ninayelala naye kitanda kimoja. Jana nilikanyaga kaa la moto jikoni na sikusikia. Nilinusa kwanza! Nikadhani kuna ngozi inaungua. Kumbe ni yangu. Mguu wa kushoto, upande wa nje, pale penye baka jeupe ambalo mama anasema ni choa.

Kitabu cha afya cha shule kinasema baka lisilosikia kitu huenda likawa ukoma. Nimeusoma ukurasa huo mara saba. Mwenye ukoma hupelekwa mbali, miaka. Na mtihani wa darasa la nane ni mwezi ujao!

Jumanne, 9 Oktoba

Nimejipima kwa unyoya wa kuku. Upande wa nje — hakuna kitu. Kisigino — hakuna kitu. Nikaogopa. Nikampima Celine nikimwambia ni mchezo. Upande wa nje aliruka, "Wacha, unanitekenya!" Lakini kisigino hakusikia hata kidogo. Basi kisigino si dalili. Sisi sote tunatembea peku, ngozi imekuwa gome. Lakini upande wa nje? Mara ya tatu ni kama nilisikia. Au nilitaka kusikia? Sijui.

Jumatano, 10 Oktoba

Nyapara amepita laini yetu, safu hii ya nyumba za wafanyakazi wa chai, akipiga kipande cha chuma. Kuna mtu wa laini ya juu amepatikana na ukoma. Kesho kila mtu apimwe miguu. Baba alikuwa ametoka kiwandani, ananuka majani makavu. Akasema tusiwe na wasiwasi, nyumba yake ni safi. Nikaficha mguu chini ya benchi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Dresa Joab, mtibu wa zahanati ya shamba, alikuja saa saba na daftari na unyoya. Kijana tu, juzi ametoka kozi, soksi zimefika magotini. Alianza na watoto, wadogo ambao visigino vyao bado ni laini; Celine alikuwa ametumwa kuni. Akawaambia: fumba macho, nikikugusa weka kidole hapo. Mimi mkubwa wao, nikasimama mwisho. Nikatazama. Kwa kila mtoto mpango ni ule ule: kidole gumba, upande wa nje, kisigino, kifundo. Kila mahali anangoja kidogo, kama mtu anayehesabu tatu. Nikakariri kama jedwali.

Zamu yangu. Kidole gumba nilisikia. Moja, mbili, tatu — nikaonyesha upande wa nje. Sikusikia kitu. Moja, mbili, tatu — kisigino. Sikusikia kitu. Kifundo nilisikia.

"Safi kabisa!" akasema, akaandika.

Furaha yangu ilidumu hatua tano. Mtu mzima wa kwanza alikuwa jirani yetu Priscah, mama Orina, mchuma chai, mtoto mgongoni. Alisikia kote isipokuwa kisigino.

"Hapo ni jiwe, dresa. Miaka kumi nakanyaga visiki vya chai."

Joab akanielekezea unyoya. "Huyu anakwenda shule peku kila siku, na amesikia. Kwa nini si wewe?"

Mama Orina akanitazama. "Mwalimu" — huniita hivyo kwa sababu ya vitabu — "kweli ulisikia?"

Nikasema ndiyo.

Halafu mvua ya mawe, kama kila alasiri. Watu wakakimbia. Wakubwa wengine watapimwa Jumatatu. Lakini mama Orina ameandikwa mgonjwa: lori litampeleka mbali Jumamosi asubuhi. Mtoto abaki.

Ijumaa, 12 Oktoba

Orina ana miezi minne. Mama yangu anauliza nani atamnyonyesha.

Asubuhi nikienda shule nilimkuta mama Orina mlangoni akijisugua kisigino kwa jiwe, kimetoka damu. Ana unyoya wake. Nilidhani atanitukana. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, inasikika namna gani? Nifundishe." Ameanza kuamini kwamba ni mgonjwa! Na mimi niliye — sijui niliye nini.

Darasani sikusikia neno. Baada ya shule sikurudi nyumbani. Nilikwenda zahanati. Joab alikuwa anaosha chupa. Nikamwambia kisigino hakuna anayesikia, ampime Celine, ampime yeyote. Nikamwambia jana nilihesabu.

"Umetumwa na yule mama?"

"Hapana, dresa."

Niliosha mguu bombani, nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia asifuate mpango wa jana. Daftari lilikuwa wazi mezani, jina la mama Orina bado lipo. Alinifunga macho kwa leso yake. Mvua ikaanza juu ya mabati. Nikangoja kidole changu kikiwa tayari. Nikangoja sana. Mwishowe nikamwuliza ataanza lini.

Sauti yake ikatoka chini, karibu kabisa na mguu wangu. "Nimeshaanza. Usifungue macho bado."